Nani Atamwita Mzee

Jumatatu, 21 Julai 1958

Nimechemsha vitambaa tena. Sista Greta wa misheni anataka kila mkimbiaji wa mbio za wasioona huko Makambako afungwe macho, hata yule asiyeona kabisa. Wapo wanaoona kivuli, anasema, na mwenye kivuli akishindana na mwenye giza hayo si mashindano. Sawa. Kazi niliyojitolea ni hiyo: kufunga vitambaa na kupika uji. Basi. Nimemwambia Sista waziwazi kwamba kitambaa cha Mzee akifunge mtu mwingine.

Mzee ni baba mkwe wangu. Jina lake silitaji. Hata hapa, mahali asiposoma mtu, mkono unakataa kuliandika. Kwetu Matembwe hawabani sana mambo haya, lakini nimeolewa kwa Wakinga. Siku ya harusi marehemu mama mkwe alinikalisha chini akanifundisha. Jina la baba wa mumeo halipiti mdomoni mwako. Usimguse. Usimtazame usoni. Mkikutana njiani, pisha mbali. Mwaka wa tatu sasa nafuata.

Lakini utampishaje mtu ambaye hakuoni? Akitoka kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba hukohoa. Mimi nikitoka jikoni nabamiza mfuniko wa sufuria. Akisikia mfuniko anageukia ukuta. Nyumba nzima ni kukohoa na masufuria mchana kutwa. Majirani wanacheka. Nami ningecheka kama isingekuwa nyumba yangu.

Alhamisi, 24 Julai

Mazoezi kwenye kiwanja cha misheni. Balaa tupu.

Mpango wa Sista ni huu. Wakimbiaji wanapangwa kwenye goli la huku. Kwenye goli la kule anasimama mwitaji wa kila mmoja. Mwitaji anaita, mkimbiaji anaifuata sauti, akifika anadakwa asije akaingia kwenye miti. Rahisi kusema. Leo waitaji wote walipiga kelele "Njoo! Njoo huku!" Wakimbiaji wakachanganyikiwa kama kuku. Wawili wakagongana vichwa, mmoja jino limetoka. Nililiokota mwenyewe.

Mzee hakugongwa. Lakini nilikuwa nimefumba macho nisione.

Naogopa. Niseme tu ukweli. Baruti ilimchoma macho huko Lupa kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa. Alikaa kwao karibu na Tandala hadi mkewe akafa, akaletwa kwetu Njombe, akakaa tena. Mgongo ukutani, blanketi begani. Hakwenda kanisani wala kilabuni. Chakula anapelekewa na Eliya mume wangu, sahani inarudi. Halafu Sista akaja na mambo yake ya mbio. Eliya akamshika mkono akampeleka siku moja, kwa kumlazimisha hasa. Akarudi anacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Nilidhani ni mgeni amekuja.

Sasa kila asubuhi anakohoa mapema, anataka kwenda kiwanjani. Amenyoa ndevu.

Akiumia je? Akianguka watu wakamcheka je? Atarudi ukutani, na safari hii hatatoka tena mpaka tumtoe kwa jeneza.

Jumamosi, 26 Julai

Sheria mpya ya Sista. Mwitaji ataita jina la mkimbiaji wake peke yake. Hakuna njoo, hakuna kulia wala kushoto. Jina tu, mpaka afike. Tumejaribu na imekwenda vizuri. Kila mtu analijua jina lake hata kwenye kelele.

Anayemwita Mzee ni Eliya. Mtoto akimtaja baba yake kwa jina nako si adabu, lakini Mzee mwenyewe alimruhusu, akasema uwanjani yeye ni mkimbiaji. Eliya ana sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Nimekaa na uji wangu kando, nimewapa mgongo, nikisikia jina lile likiitwa, likiitwa. Masikio yananiwaka. Mama Luka wa nyumba ya pili, Mkinga hasa, alikuwa ananiangalia kama nitatikisa midomo.

Mzee ameshinda mara mbili.

Jumanne, 29 Julai

Mama Luka amekuja kuazima ungo, akakaa mpaka maharage yakaiva. Maneno yake: mzee mzima kukimbia kama mbuzi aliyekatika kamba, huko Makambako mbele ya Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, na watu wa Iringa, aibu itakuwa ya nani? Ya mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ni nani? Mimi nakoroga tu. Nilitaka kumwambia aibu ni kumwacha mtu aoze ukutani. Nimempa ungo na maharage juu yake.

Naye anakuja Makambako. Sista amemwandika upande wa jikoni. Nimechoka kabla ya kuondoka.

Eliya ameanza kukohoa. Kazi yake ni huko kwenye mashamba ya miti ya miwati, kutwa kwenye ukungu, jioni anakwenda kupiga kelele kiwanjani. Nimemwambia anyamaze leo. Amenijibu kwa sauti kubwa kwamba hana kitu.

Alhamisi, 31 Julai

Sauti ya Eliya inakwaruza. Tangawizi. Asali. Maji ya chumvi ya kusukutua. Nimemfunga skafu shingoni, kaivua.

Sijalala vizuri siku hizi.

Ijumaa, 1 Agosti

Makambako. Tumefika kwenye lori la misheni tukiwa wekundu wa vumbi mpaka kope. Wasioona walikaa katikati, sisi pembeni tukishika ubao. Nilipanda mwisho nikapata nafasi nyuma kabisa, Mzee yuko mbele nyuma ya dereva, kati yetu watu na magunia ya viazi. Nashukuru kwa viazi.

Waliimba njia nzima. Mzee anaimba besi. Hilo nalo sikulijua.

Upepo wa hapa hauna adabu. Unavuma kutoka upande wa uwanda, unapiga mlango, unaondoa kofia, unakunyang'anya neno mdomoni. Jioni waitaji walijaribu sauti. Aliyesimama goli la kule hasikiki vizuri goli la huku. Eliya akaita mara tatu. Mara ya nne ikatoka hewa. Hewa tupu! Kashika shingo, ananitazama kwa macho ya mtoto aliyevunja chungu.

Nimemchemshia maji. Nimemfokea pia. Nimemwambia mtu kichwa kigumu ndivyo anavyolipwa. Halafu nikamwonea huruma, nikamfunga skafu, na safari hii hakuivua.

Ee Mungu, mrudishie sauti kufikia asubuhi. Siombi kingine.

Jumamosi, 2 Agosti

Siwezi kuandika leo.

Jumapili, 3 Agosti

Tumerudi Njombe. Eliya amelala. Niandike yote, labda nitapumua.

Asubuhi ya jana hakuwa na sauti hata ya kuomba maji. Ananong'ona tu. Sista akasema si neno, mwalimu mmoja wa Makambako atamwita Mzee, ana kifua kipana. Mzee akakataa. Akasema hakimbilii sauti asiyoijua, mtu akikuita usiyemjua anaweza kukuita shimoni. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alitaka sauti ya nyumbani kwake.

Nyumbani kwetu tuko watatu.

Eliya akanigeukia. Sista naye akanigeukia. Nikatazama vitambaa nilivyoshika kana kwamba sijavihesabu. Eliya akaninong'oneza, "Debora, mimi nimekubali." Lo! Amekubali yeye! Jina ni la kwake? Nikamwambia hapana. Nikamwambia mara ya pili. Halafu nikamwona Mzee amesimama kwenye mstari, peke yake, kifua mbele, ameshafungwa kitambaa, anageuzageuza sikio kutafuta. Nikajikuta nakwenda goli la kule. Miguu ilikwenda, mimi sikuiambia.

Njiani nilijipangia ujanja. Ningekuwa na mtoto ningemwita Babu wa fulani, ndivyo wake wenzangu wanavyofanya, wanapita kwenye jina la mtoto kama kwenye daraja. Mimi sina. Mwaka wa tatu sina, na jana ndipo iliponiuma kuliko siku zote, pale katikati ya uwanja, upepo unanipiga sketi. Nikaamua nitamwita Baba. Baba ni heshima. Nani atanilaumu kwa Baba?

Filimbi ikalia. Wenzangu wakaita majina. Mimi nikajaza kifua nikaita, "Baba! Baba! Baba!"

Mjinga mimi. Mjinga wa mwisho! Wakimbiaji watano, wote watu wazima, na katika nchi hii mtu mzima gani hajibu akiitwa Baba? Watatu waligeuka kuja kwangu kwa pamoja. Mmoja alikuwa fundi vikapu wa Lupembe, mtu wa miraba minne. Akamvaa Mzee kifuani. Wakaanguka wote wawili, wa tatu akawakwaa akaanguka juu yao.

Uwanja mzima ukacheka. Sikuwaelewa wale watu. Walikuwa wamekuja kuwashangilia, nadhani, lakini kicheko hakimwombi mtu ruhusa. Hata Bwana Shauri kwenye kiti chake aliziba mdomo kwa kofia.

Mzee hakusimama. Alikaa kwenye majani, mdomo una damu, akakivua kitambaa. Akasema, nasi tukamsikia kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu, "Nirudisheni nyumbani." Alikunja magoti. Alikuwa anakaa vile vile alivyokuwa akikaa ukutani. Nikaona nimemmaliza. Baruti ilichukua macho, mimi nimechukua yaliyobaki.

Sista akatangaza mbio zitarudiwa. Akaja kwangu amekunja uso, mwekundu kwa baridi. "Debora, jina. Jina tu. Kwani ni gumu?" Hajui anachoomba. Amekaa nchi hii miaka mingi, anasema Kiswahili kutupita, na hajui.

Eliya alikwenda kumwinamia baba yake. Sijui alimnong'oneza nini. Niliona tu Mzee akifuta mdomo kwa mkono, akishikwa bega, akisimama. Akafungwa kitambaa upya. Akarudi kwenye mstari, lakini mabega yake hayakuwa yale ya mara ya kwanza.

Mama Luka alikuwa ameacha sufuria zake amekuja kusimama nyuma yangu, yeye na wanawake wengine wa Kikinga. Sikugeuka. Nilijua wapo.

Filimbi. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Wenzangu wanaita, wakimbiaji wanne wameondoka, Mzee amebaki kwenye mstari peke yake anageuza sikio huku na huku. Liwalo na liwe. Nikaita.

"Ndelwa!"

Nyuma yangu wanawake wakasema "Yuuu!" kwa pamoja, kama mtu amedondosha mtoto. Nikaita tena. "Ndelwa! Ndelwa!" Nilijisikia nimevua nguo. Hata sauti haikuwa yangu, ilikuwa kubwa, mbaya, ya mwanamke anayegombana sokoni.

Akakimbia. Alikuja vizuri mpaka katikati. Halafu akasimama.

Nafikiri ndipo alipoitambua sauti yangu. Mwanzoni pengine upepo ulimdanganya. Alisimama katikati ya uwanja amenyoosha shingo. Wenzake wameshafika, wameshadakwa, watu wameshashangilia mshindi. Yeye yuko pale. Nikafikiri sasa atageuka. Atakaa chini. Machozi yananitoka na upepo unayapeleka masikioni. Nikaita, lakini safari hii sikupiga kelele, nilimwomba. Ndelwa. Ndelwa. Watu wakanyamaza. Nadhani hata wasiojua mila za kwetu waliona kuna kitu.

Akageuza uso ukanielekea sawasawa. Akaanza kutembea. Halafu mbio, mbio za kweli, mikono mbele, moja kwa moja kwangu, hakupinda hata kidogo. Na nyuma yangu kuna lori limeegeshwa. Mwitaji asipomdaka mtu wake atavunja uso. Usimguse, alisema mama mkwe. Nilimdaka mikono yote miwili. Ilikuwa ya moto, migumu, ina makovu ya baruti. Alikuwa anahema.

Wa mwisho. Kombe limekwenda kwa yule fundi wa Lupembe.

Kwenye lori wanawake wa jikoni waliniachia nafasi kubwa kuliko ninayostahili. Mzee hakuimba.

Jumatatu, 4 Agosti

Mama Luka ameshatangaza mtaa mzima. Faini ni mbuzi, anasema, na mbuzi atoke kwa baba yangu Matembwe, na mpaka aje nisimpikie Mzee. Nimempikia. Mpaka mbuzi afike atakula nini, maneno ya Mama Luka?

Mzee hajakohoa leo. Asubuhi nimebamiza mfuniko mara mbili. Kimya.

Jumatano, 6 Agosti

Hatoki. Sahani inarudi nusu. Eliya amerudiwa na sauti kidogo, ameingia kibandani kuzungumza naye, ametoka anakuna kichwa. Mzee amemwambia anafikiri. Anafikiri nini? Eliya hajui. Wanaume wanaweza kukaa ndani ya nyumba moja na kifo wasikiulize kinakwenda wapi.

Sista amekuja kuuliza kwa nini mkimbiaji wake haji mazoezini. Nimemwambia anaumwa mguu. Nimesema uongo kwa mtumishi wa Mungu, na ningesema tena.

Nimekasirika. Nimejikasirikia mwenyewe, nimeikasirikia mila, na upepo, na Eliya na shingo yake. Nikimaliza kukasirika naogopa. Nilisema kwamba watu wakimcheka atarudi ukutani. Basi, amerudi. Na aliyewachekesha ni mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetuma habari Matembwe kwa mtu wa lori la mbao. Mbuzi au kuku, wataamua wenyewe. Nimeandaa maneno ya kumwombea radhi Mzee kupitia kwa Eliya. Nayarudia nikiosha vyombo. Yote yanasikika ya kijinga.

Jumamosi, 9 Agosti

Ukungu mzito mpaka saa nne. Eliya yuko kwenye miwati. Nilikuwa jikoni, maharage motoni, nimeinama napuliza kuni mbichi.

Nikasikia mlango wa kibanda. Hakuna kikohozi. Nikadhani ni mbwa. Nikachungulia. Mzee amesimama katikati ya ua bila fimbo, bila blanketi, ukungu mpaka magotini. Nilikwenda kushika mfuniko. Sikuubamiza.

Akasema, "Debora." Jina langu naye hakuwahi kulitamka. Akasema, "Mlango wa jikoni uko wapi? Niite."

Nikamwita kwa jina lake. Si kwa kelele. Alikuja, akakosea kidogo, akapiga teke ndoo ya maji ikamwagika yote, akaingia. Nikamsogezea kigoda kwa mguu, akakitafuta kwa mkono, akakaa karibu na moto. Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia maharage.

Tulikaa. Kuni zilikuwa zinatoa moshi, akazisukuma ndani mwenyewe kwa kufuata joto, zikawaka. Akasema Matembwe nisiwasumbue, mbuzi wabaki nao, yeye ndiye baba wa nyumba hii na ameshafikiri. Akasema Jumatatu anataka kwenda mazoezini, lakini Eliya apumzishe koo.

Nikampakulia. Akaonja. Akatafuna polepole, akameza.

Akasema maharage yangu hayana chumvi. Tangu aje kwetu, anasema, hayana chumvi, na Eliya ameambiwa mara nyingi akaogopa kunifikishia.

Nimeongeza.